Kupunguza Kushikwashikwa kwa Mtoto Mchanga Mahututi Wakati wa Tathmini ya Kiuguzi: Misingi, Utaratibu na Mipaka Yake

Ikisiri

Makala haya yanafafanua mkabala wa kupunguza kushikwashikwa kwa watoto wachanga mahututi, hususani watoto njiti, wakati muuguzi anapotathmini hali zao. Kwanza, yanaeleza misingi ya kifiziolojia inayoufanya mguso wa mara kwa mara uwe na gharama kwa mtoto ambaye ubongo, mapafu na ngozi yake havijakomaa. Pili, yanaonesha namna tathmini inavyoweza kupangwa, kuanzia yale yanayopatikana kwa macho na masikio hadi yale yanayolazimu mtoto aguswe. Tatu, yanajadili mvutano uliopo kati ya kukusanya kazi pamoja na uwezo wa mtoto wa kuzistahimili, pamoja na hatari ya mkabala huu kugeuzwa kisingizio cha kutomwangalia mtoto katika wodi zenye wauguzi wachache. Inahitimishwa kwamba idadi ya miguso haitoshi kuwa kipimo cha ubora wa huduma iwapo haitapimwa sambamba na ukamilifu wa uangalizi.

Maneno ya msingi: mtoto njiti, tathmini ya kiuguzi, mguso, maumivu, huduma ya kangaruu

1.0 Utangulizi

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watoto wapatao milioni 13.4 walizaliwa kabla ya kutimiza wiki 37 za ujauzito. Sehemu ya watoto hao huhitaji uangalizi wa karibu usiku na mchana: kusaidiwa kupumua, kulishwa kwa mpira, kupewa dawa kwa njia ya mshipa na kulindwa dhidi ya baridi na maambukizi. Kwa upande wa Afrika Mashariki, uzito wa suala hili unaonekana katika takwimu za vifo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionesha vifo 24 vya watoto wachanga kwa kila vizazi hai 1,000 nchini Tanzania, na utafiti wa namna hiyo wa mwaka huohuo ulionesha vifo 21 nchini Kenya. Lengo la Maendeleo Endelevu linazitaka nchi zifikie vifo visivyozidi 12 ifikapo mwaka 2030.

Katika jitihada za kuwaokoa watoto hawa, muuguzi ndiye mtu anayekaa nao muda mrefu zaidi. Ndiye anayepima joto, anayehesabu pumzi, anayekagua kanula, anayelisha, anayebadili nepi na anayeandika yote hayo katika chati. Kila mojawapo ya kazi hizo ina sababu yake. Hata hivyo, zikijumlishwa pamoja na kazi za madaktari, mafundi wa maabara na wapiga picha za mionzi, humfanya mtoto afikiwe na mikono ya watu kwa wingi ambao hakuna aliyeupanga. Utafiti wa Carbajal na wenzake, uliofanyika katika wodi za watoto wachanga mahututi za eneo la Paris na kuchapishwa mwaka 2008, uliwafuatilia watoto 430 katika siku 14 za kwanza za kulazwa. Jumla ya matendo 42,413 yenye maumivu na 18,556 yenye kuleta msongo yalirekodiwa, na kwa wastani wa kati kila mtoto alifanyiwa matendo 16 kwa siku, 10 kati ya hayo yakiwa ya maumivu.

Makala haya yanajikita katika sehemu moja ya mzigo huo, yaani tathmini ya kiuguzi. Sehemu hii imechaguliwa kwa kuwa ndiyo inayojirudia zaidi na ndiyo iliyo mikononi mwa muuguzi mwenyewe. Muuguzi hana mamlaka ya kuamua mtoto asitolewe damu, lakini ana uwezo wa kuamua ni lini na kwa mpangilio gani atamgusa ili kujua hali yake.

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

Tathmini ya kiuguzi katika muktadha huu ni ukusanyaji wa taarifa kuhusu hali ya mtoto kwa kutazama, kusikiliza, kupapasa na kupima, pamoja na ufasiri wa taarifa hizo kwa ajili ya kuchukua hatua. Ufasiri ni sehemu ya tathmini. Namba iliyoandikwa katika chati bila kufikiriwa humgharimu mtoto mguso bila kumpa faida.

Kushikwashikwa ni mguso wowote unaofanywa kwa ajili ya uchunguzi, tiba au usafi, bila kujali kama unaumiza. Dhana hii hutofautiana na mguso wa faraja, ambao ni mguso tulivu, usiobadilikabadilika na wa muda mrefu, kama vile mkono wa mama uliotulia juu ya kichwa na miguu ya mtoto, au ngozi ya mtoto kugusana na ngozi ya mzazi. Tofauti hii ni ya msingi. Mkabala unaojadiliwa hapa unalenga kupunguza mguso wa aina ya kwanza. Ukitumiwa kuuzuia mguso wa aina ya pili, unakuwa umeeleweka vibaya.

3.0 Misingi ya Kifiziolojia

3.1 Ubongo na mzunguko wa damu

Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki ya 32 ana eneo la mishipa laini mno pembezoni mwa vijumba vya maji ya ubongo. Mishipa hiyo haina tegemezi la kutosha, na uwezo wa mwili wake wa kudhibiti kiasi cha damu kinachoingia katika ubongo haujakamilika. Kwa sababu hiyo, shinikizo la damu linapopanda au kushuka ghafla, badiliko hilo huweza kufika moja kwa moja katika mishipa hiyo na kuipasua. Uvujaji wa damu wa namna hii, ambao Papile na wenzake waliugawa katika madaraja manne mwaka 1978, hutokea kwa wingi katika saa 72 za kwanza za maisha. Kulia kwa nguvu, kuvutwa makohozi na kugeuzwa kwa haraka ni miongoni mwa mambo yanayoyumbisha shinikizo hilo. Ndiyo maana vitengo vingi huzihesabu siku tatu za kwanza kuwa kipindi cha tahadhari ya juu: kichwa cha mtoto huwekwa katikati bila kupindishwa shingo, na nepi hubadilishwa kwa kumgeuza ubavu taratibu badala ya kuinua miguu yake juu. Ushahidi kuhusu kila kipengele cha utaratibu huo, hususani mkao wa kichwa, bado ni mdogo. Kinachoupa nguvu ni mantiki ya kifiziolojia na gharama yake ndogo.

3.2 Upumuaji na oksijeni

Uhusiano kati ya kushikwa na kushuka kwa oksijeni ulidhihirishwa mapema. Mwaka 1980, Long, Philip na Lucey walichapisha utafiti uliotumia vifaa vya kupima oksijeni kupitia ngozi, na kuonesha kwamba sehemu kubwa ya muda ambao watoto walikuwa na upungufu wa oksijeni iliambatana na kushikwa na watoa huduma. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba watoa huduma walipoweza kuona vipimo hivyo papo hapo na kurekebisha utendaji wao, muda wa upungufu ulipungua. Somo lililopatikana ni kwamba madhara ya mguso hayakuwa yakionekana kwa macho. Yalipoonekana katika kifaa, mikono ilibadili mwenendo.

3.3 Joto na ngozi

Joto la kawaida la mtoto mchanga ni kati ya nyuzijoto 36.5 na 37.5 za Selsiasi. Chini ya 36.5 mtoto huhesabiwa kuwa amepoa, na chini ya 32.0 kupoa huko ni kwa kiwango kikali. Mtoto njiti ana eneo kubwa la ngozi kulinganisha na uzito wake, mafuta machache chini ya ngozi, na tabaka la juu la ngozi ambalo ni jembamba kiasi cha kupitisha maji kwa urahisi. Kila mara mlango wa inkubeta unapofunguliwa, hewa yenye joto na unyevu hutoka. Mtoto aliyepoa hutumia oksijeni na sukari zaidi ili ajipashe joto, yaani hutumia akiba ambayo tayari ni haba.

Ngozi hiyohiyo ndiyo ukuta wa kwanza dhidi ya vijidudu. Plasta inayobanduliwa huweza kuondoka na tabaka lake la juu, na mkono usiosafishwa huweza kubeba vijidudu kutoka kitanda kimoja hadi kingine. Kila mguso unaoepukwa ni nafasi moja iliyopungua ya kuambukiza, na kila mguso usioepukika unadai mikono isafishwe kabla na baada yake.

3.4 Maumivu na usingizi

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mtoto mchanga hahisi maumivu kwa namna yenye umuhimu wa kitabibu. Makala ya Anand na Hickey ya mwaka 1987 yalikusanya ushahidi wa kianatomia, wa homoni na wa tabia uliopinga dhana hiyo. Tangu wakati huo vimebuniwa vipimo kadhaa vya maumivu ya watoto wachanga, kikiwemo kile cha Stevens na wenzake cha mwaka 1996 kwa ajili ya watoto njiti, ambacho huzingatia umri wa ujauzito, hali ya usingizi, mapigo ya moyo, oksijeni na mikunjo ya uso. Kuwekwa kwa umri katika kipimo hicho kuna maana kubwa: mtoto mdogo zaidi huonesha dalili chache zaidi, na ukimya wake haumaanishi kwamba haumii.

Usingizi nao ni kazi. Ubongo wa mtoto njiti hukua kwa kasi katika kipindi ambacho angepaswa kuwa tumboni, na sehemu kubwa ya ukuaji huo huambatana na mizunguko ya usingizi. Mtoto anayeamshwa kila baada ya dakika chache kwa kazi ndogondogo hapati nafasi ya kuukamilisha mzunguko hata mmoja.

4.0 Mkabala wa Kinadharia

Mkabala wa kupunguza kushikwashikwa umepata nguvu kutokana na nadharia ya Heidelise Als ya mwaka 1982. Nadharia hiyo inauona ukuaji wa mtoto kuwa ni mwingiliano wa mifumo midogo mitano: mfumo wa uendeshaji wa mwili (kupumua, mapigo, rangi ya ngozi), mfumo wa misuli, mfumo wa hali za usingizi na kuamka, mfumo wa umakini na mawasiliano, na mfumo wa kujidhibiti. Mifumo hii inasaidiana na kuathiriana. Mmoja ukielemewa, mingine huyumba.

Mchango wa nadharia hii kwa muuguzi ni kwamba inamfanya mtoto kuwa mshiriki katika tathmini yake. Mtoto anayetanua vidole, anayepinda mgongo, anayenyoosha mikono hewani, anayebadilika rangi, anayepiga kwikwi au anayekwepesha macho huwa anatoa taarifa kwamba ameelemewa. Mtoto anayepeleka mkono mdomoni, anayekunja miguu na kutulia huwa anatoa taarifa kwamba anaweza kuendelea. Kwa mtazamo huu, muuguzi anayeendelea na kazi bila kuzisoma ishara hizo amekosa sehemu ya data aliyokuwa akiitafuta.

5.0 Utaratibu wa Tathmini Yenye Mguso Mdogo

5.1 Kutazama na kusikiliza kabla ya kugusa

Sehemu kubwa ya taarifa kuhusu mtoto mahututi hupatikana akiwa amelala. Rangi ya ngozi na midomo, mkao wa viungo, mwendo wa kifua, kutanuka kwa pua, sauti ya kukoroma wakati wa kutoa pumzi, kujaa kwa tumbo na hali ya ngozi kuzunguka kanula vyote huonekana bila mlango wa inkubeta kufunguliwa. Kipimo cha Silverman na Andersen cha mwaka 1956, kinachotumiwa kupima ugumu wa kupumua, ni mfano mzuri. Vipengele vyake vitano hutegemea macho na masikio: mwendo wa kifua cha juu ukilinganishwa na tumbo, kubonyea kwa nafasi kati ya mbavu, kubonyea kwa ncha ya chini ya kidari, kutanuka kwa pua na sauti ya kukoroma.

Pumzi huhesabiwa kwa dakika nzima, kwa kuwa mtoto njiti hupumua kwa vipindi na huweza kutulia sekunde kadhaa. Kuhesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha mara nne huweza kuleta namba isiyo ya kweli. Vilevile, pumzi iliyohesabiwa baada ya mtoto kuguswa na kulia haielezi hali yake ya kawaida. Kwa hiyo, kutazama kabla ya kugusa kunamlinda mtoto na wakati huohuo kunaulinda usahihi wa kipimo.

5.2 Kusoma vifaa vilivyokwisha kufungwa

Pale ambapo mtoto amefungwa oksimita, mapigo ya moyo na kiwango cha oksijeni husomwa katika kioo. Pale ambapo inkubeta ina kihisio cha joto cha ngozi, joto husomwa bila kumfunua mtoto. Hata hivyo, vifaa hivi vinadai uangalifu. Mtoto akilalia kihisio, joto linalosomwa huwa juu kuliko lile la mwili, mashine ikapunguza joto na mtoto akapoa. Kihisio kikibanduka, kinyume chake hutokea na mtoto huweza kupata joto kupita kiasi. Ndiyo maana kipimajoto cha kwapani hakiachwi kabisa. Hutumika kwa nyakati zilizopangwa ili kuhakiki kile ambacho kifaa kinasema. Kihisio cha oksimita nacho huhamishwa mahali kila baada ya saa chache ili kisichubue ngozi, na uhamishaji huo hupangwa uende sambamba na kazi nyingine.

5.3 Mguso wenye mpangilio

Inapofika zamu ya kugusa, maandalizi hutangulia. Vifaa vyote huwekwa karibu, mikono husafishwa na kupashwa joto, stetoskopu hupashwa joto, taa hupunguzwa au macho ya mtoto hukingwa, na sauti hushushwa. Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilieleza mwaka 1997 kwamba kelele inayozidi desibeli 45 katika wodi za aina hii ni jambo la kuhofiwa. Milango ya inkubeta inayofungwa kwa kishindo na chati zinazowekwa juu ya kifuniko chake huweza kuvuka kiwango hicho.

Mtoto hujulishwa kwa sauti ya chini na kwa mkono uliotulia kabla ya kuanza. Kinachofuata ni kusikiliza moyo, mapafu na tumbo, kwa kuwa matendo haya yanahitaji utulivu. Kisha hufuata kupapasa tumbo na utosi, kukagua mikunjo ya ngozi, na mwisho yale yanayomsumbua zaidi, kama vile kupima joto la kwapani, kubadili nepi na kumgeuza. Mpangilio huu unatofautiana na ule wa kutoka kichwani hadi miguuni unaofundishwa kwa mgonjwa mkubwa. Kinachoongoza hapa ni kiwango cha usumbufu.

Wakati wote huo mkono mmoja wa muuguzi, au mkono wa mama, huikusanya mikono na miguu ya mtoto katika mkao wa kujikunja. Mtoto akionesha ishara za kuelemewa, kazi husimama hadi mapigo na oksijeni virejee. Baada ya kumaliza, muuguzi hubaki akimtazama kwa dakika chache, kwani kushuka kwa oksijeni huweza kutokea baada ya mikono kuondolewa.

5.4 Kuhoji vipimo vya mazoea

Baadhi ya vipimo hufanywa kwa sababu vimekuwa vikifanywa. Kuvuta na kupima mabaki ya maziwa tumboni kabla ya kila mlo ni mfano. Utafiti wa Parker na wenzake wa mwaka 2019 kwa watoto waliozaliwa mapema mno ulionesha kwamba watoto ambao hawakufanyiwa ukaguzi huo wa mazoea waliongezewa maziwa kwa kasi zaidi na waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi. Matokeo hayo hayaondoi wajibu wa kuhakiki kwamba mpira uko tumboni, wala wa kuchunguza tumbo lililojaa au matapishi ya kijani. Yanachoonesha ni kwamba kipimo kisichobadili uamuzi kinapaswa kuulizwa sababu yake. Hoja hiyohiyo inahusu kuvuta makohozi kwa ratiba badala ya kwa dalili, na kupima shinikizo la damu kwa mkanda mara nyingi kwa mtoto ambaye hali yake ni tulivu.

6.0 Mjadala: Kukusanya Kazi Pamoja na Mipaka Yake

Njia inayopendekezwa zaidi ya kupunguza usumbufu ni kukusanya kazi pamoja. Faida yake inaweza kuoneshwa kwa mfano wa hesabu. Mtoto anayelishwa kila baada ya saa tatu hulishwa mara 8 kwa siku. Iwapo kila kipindi kina kazi tano, yaani kupima joto, kuhamisha kihisio, kubadili nepi, kumgeuza na kumlisha, na kila moja ikafanywa kwa wakati wake, mtoto hufikiwa mara 40. Kazi hizo zikifanywa kwa pamoja, hufikiwa mara 8 na kubakiwa na vipindi vya zaidi ya saa mbili vya kupumzika.

Pamoja na mvuto wa hesabu hiyo, haielezi kila kitu. Tafiti za Holsti na wenzake za mwaka 2005 na 2006 zilionesha kwamba mtoto njiti aliyetoka kuumizwa huitikia kazi zilizokusanywa kwa nguvu zaidi, na kwamba maumivu yanayofuata baada ya kazi zilizokusanywa nayo huitikiwa kwa nguvu zaidi. Kwa maneno mengine, mtoto ana akiba ya kustahimili, na akiba hiyo huweza kuisha katikati ya kazi. Kuchomwa kisigino mwishoni mwa dakika 20 za kushikwa si sawa na kuchomwa akiwa ametulia.

Kutokana na hali hiyo, kanuni tatu zinajitokeza. Kwanza, kazi zinazokusanywa ziwe chache na zenye kufanana, na kazi yenye maumivu itengwe au ipewe nafasi ya mapumziko kabla yake. Pili, muda wa kuanza ufuate kuamka kwa mtoto kadiri inavyowezekana, ratiba ikiwa mwongozo. Tatu, ukubwa wa mkusanyo utegemee umri na hali ya mtoto: kinachostahimiliwa na mtoto wa wiki 34 huweza kumwelemea mtoto wa wiki 27.

7.0 Mkabala Huu katika Wodi za Afrika Mashariki

Vitabu vingi vinavyoueleza mkabala huu vimeandikwa kwa ajili ya wodi ambazo muuguzi mmoja humhudumia mtoto mmoja. Chama cha madaktari wa watoto wachanga cha Uingereza, kwa mfano, hupendekeza uwiano wa muuguzi mmoja kwa mtoto mmoja katika uangalizi wa mahututi, mmoja kwa wawili katika uangalizi wa kati, na mmoja kwa wanne katika uangalizi maalumu. Wodi nyingi za umma katika ukanda huu ziko mbali na uwiano huo. Utafiti ulioongozwa na Gathara katika wodi za watoto wachanga jijini Nairobi, uliochapishwa mwaka 2020, ulionesha kwamba sehemu kubwa ya kazi za kiuguzi zinazotarajiwa huachwa bila kufanyika.

Hapa ndipo hatari ya mkabala huu inapojitokeza. Mtoto yuleyule anaweza kushikwashikwa kupita kiasi asubuhi, wakati wa raundi ya madaktari, kutolewa damu na mafunzo ya wanafunzi, kisha akapita usiku mzima bila kupimwa joto. Kwa mtoto huyo, kauli ya kupunguza mguso ikitolewa bila ufafanuzi huweza kuhalalisha upungufu uliopo. Chati tupu ikaitwa utulivu, na mtoto aliyepoa akaitwa aliyelala. Wodi inayotaka kuutumia mkabala huu kwa uaminifu haina budi kuainisha mambo yasiyoahirishwa kwa kisingizio cha usingizi: kusita kupumua, kubadilika rangi, degedege, kupoa, dalili za maambukizi, kanula iliyovimba na jeraha la pua kwa mtoto aliye kwenye mashine ya CPAP. Kanula hutazamwa kila saa, na kutazama huko hakuhitaji kumwamsha mtoto iwapo imefungwa kwa plasta inayopitisha nuru.

Kwa upande mwingine, mazingira haya yana rasilimali ambayo hutumika chini ya uwezo wake, nayo ni mama. Huduma ya kangaruu, iliyoanzishwa na Edgar Rey Sanabria mjini Bogotá mwaka 1978 kutokana na msongamano na uhaba wa inkubeta, imethibitika kuokoa maisha. Utafiti wa nchi tano, yaani Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021, ulihusu watoto wenye uzito wa kilo 1.0 hadi chini ya 1.8. Vifo katika siku 28 vilikuwa asilimia 12.0 kwa walioanza huduma hiyo mara tu baada ya kuzaliwa, na asilimia 15.7 kwa walioanza baada ya hali zao kutulia. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza huduma hiyo kwa saa 8 hadi 24 kwa siku, na ianze mapema iwezekanavyo, isipokuwa kwa mtoto asiyeweza kupumua mwenyewe baada ya kuhuishwa, aliye katika mshtuko au anayehitaji mashine ya kupumulia.

Matokeo hayo yanathibitisha tofauti iliyowekwa katika sehemu ya pili. Mtoto aliye kifuani mwa mama yuko katika mguso usiokoma, na bado mguso huo humpasha joto na kumtuliza. Sehemu yenye usumbufu ni ile ya kumhamisha, na kwa hiyo ni afadhali akae kwa muda mrefu kuliko kutolewa na kurudishwa. Tathmini nyingi huweza kufanyika akiwa hapohapo: pumzi huhesabiwa, joto hupimwa kwapani, oksijeni husomwa na mpira wa kulishia hutumika. Aidha, mama aliyefundishwa kuzisoma ishara za mtoto wake huwa jicho la ziada. Wajibu wa tathmini hubaki kwa muuguzi, lakini taarifa ya mama kwamba mtoto amelegea au amekataa kunyonya inapaswa kuingizwa katika chati kama taarifa nyingine.

8.0 Hitimisho

Mjadala huu umeonesha kwamba kupunguza kushikwashikwa kuna misingi thabiti katika fiziolojia ya ubongo, upumuaji, joto, ngozi na maumivu ya mtoto njiti. Umeonesha pia kwamba kunawezekana bila vifaa vya gharama, kwa kutanguliza macho na masikio, kupanga mguso kwa kiwango cha usumbufu, kusoma ishara za mtoto na kuacha vipimo visivyobadili uamuzi. Wakati huohuo, kukusanya kazi pamoja kuna kikomo ambacho mtoto mwenyewe hukionesha.

Kwa watafiti wa ukanda huu, jambo lenye umuhimu wa pekee ni uchaguzi wa vipimo. Utafiti utakaohesabu miguso peke yake huweza kuipa alama za juu wodi ambayo watoto wake wametelekezwa. Kwa hiyo, idadi ya mara ambazo mtoto amefikiwa inapaswa kuwekwa kando ya viashiria vingine: ukamilifu wa chati, joto la mtoto kabla na baada ya kazi, muda wa oksijeni kuwa chini ya kiwango kilichokusudiwa, na saa ambazo mtoto amekaa kifuani mwa mzazi. Viashiria hivyo vikisomwa kwa pamoja, vitaweza kutofautisha kati ya wodi inayomwacha mtoto apumzike na wodi iliyomsahau.